Naiuza Altezza, lakini IST sinunui

Ndugu zangu, Altezza inauzwa. Niliwaambia washkaji wiki iliyopita, na ubishi uliofuata ndio umenifanya nikae chini kuandika leo. Maana nimegundua kwamba wengi wetu tuliomaliza chuo juzijuzi, tukapata kazi ya mshahara wa kubana na gari la mtumba kutoka Japani, jambo hili tunalipigia hesabu kishabiki, kama vile Simba na Yanga.

Kambi ziko mbili. Ya kwanza inasema: "Kua sasa, bwana. Chukua IST, weka mafuta, sahau." Ya pili inasema: "Mtu akishazoea gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, IST atapandaje? Si bora daladala?" Kambi ya kwanza inaniona mtoto, ya pili inaniona msaliti.

Mimi naona kambi zote mbili zinajibu swali ambalo halijaulizwa. Hakuna gari linaloaminika hewani tu, na hakuna gari linalonoga hewani tu. Gari linaaminika mahali fulani, kwa fundi fulani, kwa ajili ya watu fulani. Na linanoga kwenye barabara fulani. Ukishataja mahali, watu na barabara, hesabu inabadilika kabisa.

Kwanza niitendee haki Altezza, maana wanaoicheka wengi hawajawahi kushika usukani wake. Toyota waliitengeneza kuanzia 1998 hadi 2005, na ilipotoka tu ikachukua tuzo ya gari la mwaka la Japani. Nje ya Japani iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Taa zake za nyuma ziliigwa dunia nzima mpaka mtindo wenyewe ukaitwa kwa jina la gari. Dashibodi yake imechorwa kama saa ya mkononi ya bei mbaya. Yangu ni ile yenye injini ya 3S-GE, ambayo Toyota walisaidiana na Yamaha kuitengeneza: lita mbili, silinda nne, nguvu za farasi 210, gia sita za mkono. Hiyo si gari ya kutesea mtaani tu. Ni gari lililotengenezwa na watu wanaopenda kuendesha.

Na kupenda kuendesha si utoto. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu kambi ya IST hulipita haraka sana. Kijana wa leo ana nini kilicho chake peke yake? Mshahara una wenyewe kabla haujaingia. Simu inaita mpaka usiku wa manane, mhariri anataka habari, nyumbani wanataka hela ya mbolea. Chumba ni cha kupanga. Ile saa moja unayokuwa nyuma ya usukani, gia zinaingia zenyewe kama zimepakwa mafuta, kona inakuja nawe unajua gari litafanya nini kabla halijafanya, hiyo ni saa yako. Anayeniambia niitupe ile saa kwa sababu ya lita mbili za petroli hajanielewa.

Haya, sasa tutaje mahali.

Mimi naishi Morogoro mjini, kwetu ni Kilosa, na kazi yangu inanizungusha mkoa mzima. Kwa mwandishi, Kilosa haiishiwi habari. Kuna migogoro ya wakulima na wafugaji ambayo imeumiza watu kwa miaka mingi. Kuna mto Mkondoa, ambao mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ulifurika, ukavuruga reli ya kati na kuwaacha maelfu bila makazi. Januari 2014 maji yakaja tena upande wa Magole na Dumila, barabara kuu ya Dodoma ikakatika. Habari za namna hiyo hazisubiri kiangazi. Zinatokea pale pale ambapo barabara imeharibika, na mwandishi anatakiwa awe amefika.

Kwa hiyo nina mzunguko wangu. Natoka Morogoro nashika barabara ya Dodoma mpaka Dumila, nakata kushoto kwenda Rudewa na Kilosa, naendelea kusini mpaka Mikumi, halafu narudi Morogoro kwa barabara kuu ya Iringa kupitia hifadhini. Ni kama kilomita 320 hivi. Tuupitie kipande kwa kipande, tuone farasi 210 wanakula wapi.

Morogoro hadi Dumila: lami, malori, mabasi, vibao vya 50 kila penye nyumba tatu, na askari mwenye tochi chini ya mwembe. Faini hutozwa kwa kila kosa. Farasi 210 wamelala.

Dumila hadi Kilosa: hapa ndipo pazuri. Lami ilikuja kwa vipande, kwanza mpaka Rudewa, kisha kutoka Rudewa hadi Kilosa mjini. Mashamba huku na huku, milima mbele yako, magari machache. Lakini pia baiskeli, bodaboda zisizo na taa, watoto wa shule na ng'ombe wanaovuka bila kuangalia pembeni. Farasi wameamka, wamefungwa kamba.

Kilosa kwenda Mikumi: hiki ndicho kipande ambacho kwa miaka mingi kimekuwa vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Upande huu ndiko iliko kata iitwayo Ulaya, kwa hiyo sisi wa Kilosa tunakwenda Ulaya bila viza, ila tunalipia kwa shokapu. Altezza imelala chini. Matairi yake ni ya inchi 17, membamba ubavuni kama chapati, kila jiwe linagonga chuma moja kwa moja. Kwenye matope ya mfinyanzi, gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, jepesi nyuma, linacheza kama samaki nchi kavu. Hapo farasi 210 ni wa kukuzamisha tu. Unachohitaji ni nafasi chini ya gari na mguu mwepesi.

Mikumi hadi Morogoro: barabara kuu inapita ndani ya hifadhi kwa kama kilomita 50. Hifadhi imekuwepo tangu 1964, barabara imeikata katikati, na wanyama hawakuulizwa. Kuna matuta, kuna vikomo vya mwendo, kuna mabango yanayokueleza bei ya kila mnyama ukimgonga, na bei yenyewe ni ya dola. Twiga hana haraka. Tembo hana haraka kabisa. Hapo kwenye tambarare ya Mkata, jua linashuka, vioo umeshusha, gari lililo bora ni lile linalokwenda taratibu bila kelele. Hata Vitz inatosha.

Mnaona kinachotokea? Katika mzunguko mzima, mahali ambapo nguvu za Altezza zinaweza kutumika kihalali bila kuua mtu au pundamilia ni padogo mno. Ninachokifurahia kila siku ni kitu kingine: ile gia ya mkononi, usukani unaokueleza barabara ikoje, breki zisizokushtua. Nguvu zile nazilipia kila siku na kuzitumia mara moja moja sana.

Hapa ndipo naachana na kambi ya pili. Wanachanganya vitu vitatu na kuviita kimoja: mwendo, sura, na ladha ya kuendesha. Mwendo barabara zetu haziruhusu. Sura inafurahiwa na walio nje ya gari. Ladha ndiyo inayobaki kwa dereva, na ladha haihitaji farasi 210. Inahitaji gari jepesi, gia za mkono na bushi nzima.

Sasa tuje kwenye kuaminika.

Nina fundi wangu Kilosa, mtu wa makamo, mikono yake inajua injini kuliko wengi wenye gereji za vigae huko mjini. Siku moja akaniambia: "Mwandishi, gari lako nalijua. Ila spea zake sijui zinakaa wapi." Sentensi hiyo ni shule nzima. Altezza si gari bovu. Ukiihudumia inavyotakiwa itakwenda miaka. Lakini hata ile iliyotoka kiwandani mwisho kabisa imeshatimiza miaka 20, na kila kitu cha mpira ndani yake kina umri huo huo. Injini yake inaendeshwa na mkanda wa taimingi, ambao unatakiwa kubadilishwa kwa ratiba, si kwa kusubiri uulize. Mgandamizo wa injini ni mkubwa, ilisukwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, nasi huku kituo cha mafuta kina pampu ya petroli ya aina moja: iliyopo. Tairi ya inchi 17 ya saizi yake ukipasua Kilosa, unaagiza Dar es Salaam na kusubiri basi.

Kwa hiyo kuaminika ni umbali kati ya mahali gari lilipokufa na mahali spea ilipo. Gari lile lile linaloaminika Kariakoo, ambako kila bolti ina duka lake, linaweza kuwa halitegemeki hata kidogo Kilosa. Wanaokuuzia gari hawakuambii hili kwa sababu wao wako Dar.

Wakongwe wa mbio za magari walilijua zamani. Mbio za Safari zilianza 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na gari lililojijengea jina huku kwetu halikuwa la mwendo mkali bali Peugeot: 404 ilishinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na 504 ikashinda 1975 na 1978. Yalishinda kwa sababu yalifika. Ndiyo maana wazee wetu mpaka leo wakitaja Peugeot wanainua kichwa. Baadaye wakaja Toyota na Celica. Mwaka 1993 Celica zilishika nafasi nne za kwanza, na injini yake ya 3S-GTE ni ya ukoo mmoja na hii ya kwenye Altezza yangu. Mshkaji mmoja alinitupia hoja hiyo akidhani amenimaliza: "Unaona? Injini hiyo imeshinda Safari!" Ni kweli. Lakini timu zile zilikuwa na helikopta juu na magari ya mafundi nyuma, yamejaa spea. Nipeni helikopta moja na mafundi sita, na mimi nitaizungusha Altezza mpaka Malinyi masika yote. Fundi wangu ana baiskeli.

Sasa tutaje watu, maana hapa ndipo penye uzito.

Ukisoma mambo ya magari yanayoandikwa na Wazungu, gari ni la mtu mmoja. Yeye, barabara yake, furaha yake, na ikiharibika anapiga simu bima wanamletea nyingine. Kwetu sisi, kijana wa kwanza katika ukoo kununua gari amenunua gari la ukoo. Hakuna kikao kinachokaa kuamua hivyo, lakini kila mtu anajua. Msiba ukitokea, gari lako limo kwenye hesabu. Harusi, gari lako limo. Shangazi akija kliniki Morogoro, limo. Wala si uonevu. Ukoo huo huo ndio uliochanga nauli ya chuo.

Masika moja, baba mdogo alizidiwa usiku huko Kilosa. Kifua. Mama akanipigia saa saba usiku: "Mwanangu, uko na gari?" Gari lilikuwa gereji, limenyanyuliwa, linasubiri bushi za mbele kutoka Dar es Salaam, siku ya nne. Hakuna aliyekosea. Bushi zilikuwa zimeisha kwa sababu ya barabara, fundi alikuwa anafanya kazi yake, spea zilikuwa njiani. Jirani yetu, ambaye ana Probox ya kubebea mchele, ndiye aliyemlaza baba mdogo nyuma juu ya godoro na kumfikisha hospitalini. Yu hai, anatembea, na anaisifu Probox kila tukikutana. Mimi namsikiliza.

Tangu usiku ule sijaweza kulisikia swali la mama kama swali la kawaida. "Uko na gari?" Hakuuliza gari la aina gani, wala lina farasi wangapi. Aliuliza kama lipo.

Basi kambi ya kwanza inashangilia: "Si tulikwambia? IST!" Polepole. Na ninyi nina neno nanyi.

Kwanza, wengi wenu mmelifanya jina la Toyota kuwa hirizi. Mtu anaendesha IST kilomita 15,000 bila kumwaga oili kwa sababu eti "Toyota haifi". Inakufa, bwana. Inakufa polepole tu, ndiyo maana hamwoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa injini unazibwa kwa galoni moja ya oili na chujio. Gari la kuaminika lenye mwenyewe asiyeaminika ni gari bovu.

Pili, dereva aliyechoshwa na gari lake halitunzi. Nimeona mwenyewe: mtu anayelipenda gari lake husikia mlio mdogo kabla haujawa mkubwa. Asiyelipenda huongeza sauti ya redio. Kwa hiyo ladha nayo ni sehemu ya kuaminika. Ukininunulia gari lisilo na ladha kabisa, baada ya mwaka mmoja nitakuwa simsikilizi hata bushi akilia.

Tatu, hesabu za pesa nazo zifanywe vizuri. Tuseme petroli ni shilingi 3,000 kwa lita, bei tuliyoizoea tangu 2022 ilipovuka hapo. Morogoro kwenda Kilosa na kurudi ni kama kilomita 260. Altezza yangu, ikienda kilomita 9 kwa lita, inakula karibu lita 29. Gari la lita moja na nusu linalokwenda kilomita 14 kwa lita linakula kama 19. Tofauti ni lita 10, shilingi 30,000 kwa safari moja. Nakwenda mara mbili au tatu kwa mwezi. Kumbukeni pia kwamba Julai 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Maana yake mwenye gari linalokunywa sana analipa kila anapojaza tangi. Nami sioni uonevu hapo, anayekunywa zaidi na alipe zaidi.

Kuna jambo jingine jipya. Treni ya umeme ilipoanza kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwezi Julai 2024, ilipita Morogoro na Kilosa. Zamani sababu kubwa ya kuwa na gari la kukimbia ilikuwa safari ya Dar. Leo ukinialika Dar napanda treni, nasoma gazeti, naruka foleni za Kibaha na Kimara. Kazi iliyobaki kwa gari langu ni ile ambayo treni haiwezi: kutoka stesheni kwenda vijijini, kwenye mawe na matope. Yaani reli imechukua kazi ambayo Altezza inaiweza, ikaniachia ile isiyoiweza.

Kwa hiyo nanunua nini? Natafuta Corolla Fielder yenye gia za mkono. Cheka, lakini nisikilize. Injini yake ya 1NZ ni lita moja na nusu, inaendeshwa na mnyororo badala ya mkanda wa taimingi. Injini hiyo hiyo imo kwenye IST, Probox, Premio na nusu ya teksi za nchi hii, ndiyo maana spea zake hata Mikumi utazikuta zimening'inia dukani karibu na mifuko ya saruji. Matairi ni ya inchi 14, nene ubavuni, bei ya kawaida. Nyuma kuna nafasi ya magunia mawili, au ya godoro, Mungu apishe mbali. Na ina gia tano za mkono, kwa wale waliobahatika kuipata, maana nyingi zilizoletwa ni za kujibadilisha zenyewe. Farasi wake ni kama 110. Nitakuwa nikizitumia zote, kila siku, na hiyo ina raha yake: gari dogo linaloendeshwa kwa nguvu zake zote linanoga kuliko gari kubwa lililofungwa kamba.

Sisemi kila mtu afanye hivyo. Unaishi Mbezi, kazini kwako ni Posta, barabara yote ni lami, ndugu zako wako karibu na hospitali na Kariakoo ni nusu saa? Kaa na Altezza yako, nunua hata Subaru, ifurahie, itunze. Furaha yako haimdhuru mtu. Lakini kama una Kilosa yako, na wengi wetu tunayo, iwe inaitwa Kilosa au Kyela au Same, basi kabla hujabadilisha gari jiulize mambo matatu. Gari likifa mbali kabisa na nyumbani, spea iko umbali gani? Ninachokifurahia hasa ni mwendo, ni sura au ni ladha? Na simu ya saa saba usiku ikiita, nitajibu nini?

Altezza ipo Morogoro. Gia sita, bushi mpya, mkanda wa taimingi umebadilishwa, oili haijawahi kuchelewa. Mnunuzi awe mtu anayependa kuendesha, na ikiwezekana asiwe na baba mdogo Kilosa.